Lubumbashi iko karibu na wapi?

Chukua ramani ya Afrika, simika ncha ya bikari juu ya uwanja wa ndege wa Luano, kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, kisha piga duara la kilomita 1,600 hivi kutoka katikati hadi ukingoni. Kaskazini-magharibi duara litaikuta Kinshasa, kilomita 1,553. Magharibi litapita kwenye uwanja wa zamani wa Luanda, kilomita 1,594. Kaskazini-mashariki litaikuta Nairobi, 1,543, na kusini Johannesburg, 1,619. Dar es Salaam haifiki hata kwenye ukingo: kutoka Luano hadi pale ni kilomita 1,384 tu.

Hesabu hizi zimetoka kwenye latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, na mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuzirudia. Zinachosema ni kwamba mkazi wa komini ya Katuba, Lubumbashi, anayelalamika kuwa Kinshasa ni mbali, na jirani yake anayesema Nairobi ni hapo tu, wanazungumzia safari zilizopishana kwa kilomita 10. Mji mkuu wa nchi yao uko mbali nao kuliko bandari ya Tanzania. Hata hivyo wote wawili wana haki ya kusema wanavyosema, na ninachotaka kukionyesha leo ni kwa nini. Programu za simu zinazokuambia umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili hujibu swali dogo kuliko yote ya msafiri. Kinachoiweka Lubumbashi mbali na Kinshasa hakiko angani.

Tuanze lakini na hilo swali dogo, kwa sababu lina utamu wake.

Umbali wa anga kati ya viwanja viwili hupimwa juu ya mviringo wa dunia. Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka Luano hadi N'djili, uwanja wa Kinshasa, mpaka ukaze, mahali uzi unapolala ndiyo njia fupi kuliko zote. Kwa safari za kaskazini ya mbali, uzi huo huonekana wa ajabu ukiuhamishia kwenye ramani bapa: ndege ya kutoka Ulaya kwenda Marekani hupanda juu karibu na Greenland kana kwamba rubani amepotea. Kwetu karibu na ikweta ramani bapa haina udanganyifu mkubwa. Kati ya Lubumbashi, iliyoko nyuzi 11 na nusu kusini, na Kinshasa, nyuzi 4 na ushee, ukipiga mstari kwa rula utakuwa umekosea kidogo mno.

Rula hiyo, lakini, itakuonyesha jambo ambalo wengi wanaopanda ndege hii hawalijui. Mstari mnyoofu kati ya miji miwili mikubwa kuliko yote ya Kongo hautulii ndani ya Kongo. Ukitoka Luano unapita juu ya Lualaba, unavuka mto Kasai, kisha unaingia Angola na kupita kusini kidogo ya mji wa Dundo, katika jimbo la almasi la Lunda Norte, kabla ya kurudi nyumbani upande wa Kwango. Zaidi ya kilomita 100 za njia fupi ya kwenda mji mkuu ni anga ya jirani. Mpaka ule waliuchora wakoloni, Wabelgiji na Wareno, wakifuata mito na mistari ya latitudo, wala hakuna aliyekuwa akiwaza ndege.

Anayetaka kubaki juu ya ardhi ya Kongo anaweza kupinda kupitia Kananga. Safari inakuwa kilomita 1,638 hivi, yaani ongezeko la 85. Kwa ndege ya jeti hizo ni dakika sita. Nalitaja hili kwa sababu abiria hupenda kudhani kuwa kila kuchelewa kunatokana na ndege "kuzunguka". Angani kuzunguka ni rahisi mno. Dakika sita ni chini ya muda unaopotea mlangoni watu wakishindana kusukuma mabegi kwenye visanduku vya juu.

Sasa tubadilishe kilomita kuwa saa. Ndege za aina ya Boeing 737 au Airbus A320 hukata anga kwa kilomita 830 hivi kwa saa zikiwa zimetulia juu. Ukigawa 1,553 kwa 830 unapata saa 1 na dakika 52, nayo ni hesabu ya mtu ambaye hajawahi kuona ndege ikipaa. Kilomita 200 za mwanzo huliwa na kupanda hadi mita 11,000 hivi, na 200 za mwisho na kushuka, na humo kote kasi ni ndogo. Ongeza dakika za kutambaa kutoka maegeshoni hadi kichwa cha njia ya kurukia, kisha kutoka njia ya kutua hadi maegeshoni tena. Mashirika ya ndege huhesabu muda tangu kabari zinapotolewa kwenye magurudumu hadi zinaporudishwa, na kwa safari hii muda huo ni saa 2 na dakika 15 au 20. Ndege ya mapangaboi kama Q400 huongeza nusu saa na zaidi.

Ndiyo maana safari ndefu haiongezeki muda kwa kadiri inavyoongezeka kilomita. Lubumbashi hadi Addis Ababa ni kilomita 2,605, zaidi ya elfu moja kuliko kwenda Kinshasa, lakini muda unaoongezeka ni kama saa moja na robo, kwa sababu kilomita zote za ziada ni za kule juu, za mwendo wa kasi. Kinyume chake, Lubumbashi hadi Ndola, kilomita 199, jeti haipati hata nafasi ya kutulia: inamaliza kupanda na papo hapo inaanza kushuka.

Luano yenyewe ina tabia zake. Iko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari. Siku ya Oktoba, kabla ya mvua, joto likifika nyuzi 30, hewa juu ya lami ya Luano huwa nyepesi kwa karibu asilimia 19 kuliko kipimo cha kawaida cha pwani. Bawa hupata nguvu pungufu ya kuinua, injini hupumua hewa pungufu, na ndege inabidi ikimbie kwa kasi ya asilimia kumi hivi zaidi kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia ina mita 3,200 hivi. Kwa safari ya Kinshasa zinatosha bila shaka. Kwa ndege kubwa iliyojaa mafuta ya kufika Ulaya bila kutua, saa saba mchana, hesabu huanza kubana: ama upunguze abiria na mizigo, ama uruke usiku kukiwa na ubaridi. N'djili, uliojengwa miaka ya mwisho ya ukoloni, uko mita 313 tu juu ya bahari na una njia ya zaidi ya mita 4,500. Anayeuliza kwa nini ndege kubwa za Ulaya huishia Kinshasa, sehemu ya jibu ni hiyo. Iliyobaki ni idadi ya abiria.

Upepo sitautumia wino mwingi. Kaskazini mwa Atlantiki mkondo wa hewa wa juu huweza kutofautisha kwenda na kurudi kwa saa nzima au zaidi. Kwenye latitudo zetu upepo wa juu ni mpole, na kwenda na kurudi hutofautiana kwa dakika chache. Mawingu ya radi ndiyo yenye maneno. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ya alasiri juu ya Katanga na Kasai hupanda kupita kimo ambacho ndege ya abiria inaweza kukifikia. Huwezi kupita juu yake, na mwenye akili hapiti ndani yake. Rubani huzunguka, kilomita 40 huku, 60 kule. Anayepanda ndege ya asubuhi msimu wa mvua ana nafasi nzuri zaidi ya kufika kwa saa iliyoandikwa.

Juu ya nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni mbili na laki tatu, mnara wa kuongozea ndege hauwezi kumsikia kila mtu kila mahali. Kwa miaka mingi marubani wanaovuka anga za Afrika wamekuwa na utaratibu wa kutangaziana wenyewe kwa wenyewe kwenye masafa ya 126.9: mimi niko hapa, kimo hiki, naelekea kule, nitafika nukta fulani dakika fulani. Abiria amelala, soda imekwisha, na mbele rubani anasoma tangazo lake kwa yeyote atakayelisikia.

Baada ya hapo inakuja saa ya ukutani, na hapa watu wengi huanguka. Kongo ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja mbele ya Greenwich, Lubumbashi saa mbili. Tiketi huandika saa ya mahali. Ndege ikiondoka N'djili saa 2:00 asubuhi, ambayo tiketi itaiandika 08:00, itafika Luano saa 5:15, yaani 11:15. Ikigeuka na kuondoka Luano saa 6:15 mchana, itatua Kinshasa saa 7:30. Ukitoa tu namba hizo unapata saa 3 na robo za kwenda na saa 1 na robo ya kurudi, na kuna watu wazima, wenye shahada zao, watakaokuapia kwamba kurudi Kinshasa ndege huteremka mlima.

Dawa yake ni nyepesi, na inafaa kwa safari yoyote duniani ambayo hujui tofauti ya majira yake. Jumlisha muda wa kwenda na wa kurudi kama ulivyoandikwa kwenye ratiba, kisha gawa kwa mbili. Saa 3 na robo na saa 1 na robo ni saa 4 na nusu. Nusu yake ni saa 2 na robo, muda wa kweli wa safari. Tofauti ya majira hujifuta yenyewe.

Jua halikubaliani kamili na saa hizo. Kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna nyuzi 12 za longitudo, na jua huchukua dakika nne kwa kila uzi, hivyo adhuhuri ya Lubumbashi hutangulia ile ya Kinshasa kwa dakika 48. Saa za serikali zimeongeza dakika 12. Si kitu, lakini saa nzima ya tofauti ina uzito katika maisha ya kila siku: taarifa ya habari inayosomwa Kinshasa saa mbili usiku, Lubumbashi huiona saa tatu. Mtu mwenye shida wizarani hupoteza saa moja asubuhi akingoja milango ya Kinshasa ifunguliwe. Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaouza na kununua Zambia na Afrika Kusini wako kwenye saa moja na wenzao. Kwa kipimo cha saa tu, Ndola, Lusaka na Johannesburg ni nyumbani kuliko mji mkuu.

Kuna safari moja iliyopita katika anga hii ambayo kila anayesoma mambo ya masafa na muda angepaswa kuichunguza. Jumapili ya tarehe 17 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka N'djili kwenda Ndola kukutana na Moïse Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga tangu Julai 1960. Ndege ilikuwa DC-6B ya shirika la Kiswidi la Transair, iliyoitwa Albertina. Asubuhi ya siku ile ile ilikuwa imerudi kutoka Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati huo, na ilipigwa risasi ilipokuwa ikiondoka huko.

Kutoka Kinshasa hadi Ndola kwa mstari mnyoofu ni kilomita 1,740 hivi. DC-6B, kwa mwendo wake wa kilomita 450 hadi 500 kwa saa, ingezimaliza kwa saa nne hivi. Albertina iliruka saa 10:51 jioni kwa saa ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikaanguka msituni kilomita 15 hivi kutoka uwanja wa Ndola muda mfupi baada ya saa sita usiku. Anayetoa kwa haraka anapata saa saba na ushee. Lakini Ndola ilikuwa saa moja mbele, kwa hiyo muda wa angani ni saa sita na kama theluthi moja. Zile saa mbili na zaidi zilizoongezeka zilikwenda wapi?

Zilikwenda mashariki. Mstari mnyoofu ungewapitisha juu ya Katanga, na Katanga ilikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga Magister iliyokuwa ikisumbua majeshi ya Umoja wa Mataifa siku zile. Rubani Per Hallonquist aliandikisha safari ya Luluabourg, Kananga ya leo, ili kuficha aendako, akanyamaza redioni, akaelekea upande wa ziwa Tanganyika na kuteremka kusini kwa kukwepa eneo la Tshombe. Ilikuwa saa nne usiku kwa saa za Ndola alipozungumza na waongozaji ndege wa Salisbury na kutoa muda wake wa kufika: saa 6:35 usiku. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu alipatikana hai, mlinzi Harold Julien, naye alifariki hospitalini siku chache baadaye. Zaidi ya nusu karne baadaye Umoja wa Mataifa ulimkabidhi faili hilo Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, aandike upya kilichojulikana na kilichofichwa, na ripoti zake zimekuwa zikirudi kwenye jambo hilo hilo: rekodi za redio na taarifa za kijasusi ambazo nchi kadhaa hazijazitoa zote.

Wasomaji wengi huikumbuka safari ile kwa fumbo la ajali. Mimi kila ninapoipitia huvutwa na zile saa mbili. Umbali kati ya N'djili na Ndola haukubadilika hata mita moja mwaka 1961. Siasa za ardhini ndizo zilizourefusha kwa zaidi ya nusu. Na si mara ya kwanza kwa anga ya Luano. Tarehe 12 Julai 1960, siku moja baada ya Tshombe kutangaza kujitenga, ndege iliyowabeba Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba ilifika hapo juu ikanyimwa ruhusa ya kutua, ikageuza. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba alitua Luano kweli, akiwa amefungwa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliuawa usiku huo huo.

Turudi kwenye mambo ya kawaida. Uwiano kati ya muda wa kuruka na muda wa safari nzima umekuwa ukiwachezea watu tangu ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji. Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 wakafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku 51. Angani walikaa saa 75 hivi, yaani asilimia 6 ya muda wote. Uliobaki ulikwenda kwenye matengenezo, dhoruba na kungoja. Miaka kumi baadaye, Sabena ilipoanza huduma ya kawaida kwa njia hiyo mwaka 1935, safari ilichukua siku tano na nusu, na ndege hazikuwa na kasi maradufu. Kilichopunguzwa ni kungoja.

Mtu wa leo wa komini ya Kenya, pale pale Lubumbashi, hayuko mbali sana na Thieffry kama anavyodhani. Ana ndege ya saa nne asubuhi kwenda Kinshasa. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kwa sababu ameambiwa afike mapema na hajui barabara itakuwaje. Luano kuna foleni ya kukagua mizigo, foleni ya kupima uzito, dirisha la Go Pass, ada inayotozwa tangu 2009 kwa ajili ya kuendeleza viwanja. Kisha maofisa wa uhamiaji wa DGM, ambao humkagua hata Mkongo anayekwenda mkoa mwingine wa Kongo. Kisha kungoja. Ndege ikiondoka kwa wakati, na hilo ni "ikiwa" nene, anatua N'djili baada ya saa 2 na robo. Sanduku linakuja baada ya nusu saa. Halafu Boulevard Lumumba: kilomita 25 hivi hadi komini ya Gombe kupitia Limete, ambazo siku ya kazi yenye msongamano huweza kumla saa mbili, hata tatu. Barabara ile inaweza kuchukua muda sawa na kuvuka nchi nzima kwa ndege. Ukijumlisha, safari yake ni saa nane au tisa, na robo tu ya hizo ndiyo iliyoonyeshwa na programu ya simu.

Hata hizo tisa hazijahesabu kungoja kukubwa zaidi, kule kwa ratiba. Wapangaji wa usafiri wana hesabu rahisi: kama hitaji lako la kusafiri linaweza kuangukia wakati wowote, utangoja kwa wastani nusu ya pengo kati ya ndege moja na inayofuata. Ndege mbili kwa wiki zina pengo la saa 84, hivyo wastani wa kungoja ni saa 42. Ndege moja kila siku, saa 12. Ndege tatu kwa siku, saa 4. Katika hesabu hiyo, kumwongezea rubani kasi ya kilomita 100 kwa saa kunaokoa dakika zisizozidi 15, na kuongeza ndege moja kwa wiki kunaokoa saa nyingi. Mimi ningempima kila waziri wa uchukuzi kwa hilo kabla ya kumpima kwa jengo jipya la abiria, ambalo ndilo linalokatwa utepe.

Na kwa nini ndege ni chache na nauli ni kubwa? Njia mbadala ya ardhini ingesaidia kubana bei, lakini ya kutegemewa haipo. Kutoka Lubumbashi unaweza kuendesha gari juu ya lami hadi Dar es Salaam, kupitia Kasumbalesa, Zambia na Tunduma. Unaweza vile vile hadi Johannesburg. Hadi Kinshasa huwezi. Reli ya kampuni ya BCK kutoka Katanga ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, na kutoka hapo mzigo ulipakiwa kwenye meli kuteremka Kasai hadi Kinshasa. Njia hiyo ingalipo, kwa wenye subira ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mkulima, mwanafunzi na mgonjwa wote wanashindania viti vile vile na wakurugenzi wa migodi. Mafuta ya ndege nayo huja kusini mwa Kongo kwa malori yaliyovuka mipaka, na hilo huonekana kwenye nauli.

Sheria inaongeza uzito wake. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi inaweza kuzuia mashirika ya kigeni kubeba abiria kati ya miji yake miwili. Wataalamu huuita usafiri huo kabotaji. Shirika la Ethiopia laweza kumchukua mtu Luano kumpeleka Addis, lakini haliwezi kwa jina lake kumchukua Luano kumshusha N'djili. Mashirika ya Kongo yanayoruhusiwa yamekuwa yakizaliwa na kufifia: Congo Airways ya serikali ilianza kuruka mwaka 2015, na Desemba 2024 ikaja Air Congo, ambayo serikali ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49, kwa ndege za Boeing 737-800. Ubia huo, kwa jicho langu, ni njia ya kuukwepa ukuta wa kabotaji bila kuubomoa. Sina ugomvi nao. Abiria anahitaji kiti kinachoondoka kila siku kwa saa ile ile, na rangi ya mkia wa ndege si shida yake.

Mashirika ya Kongo kwa jumla yamekatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya tangu orodha ya kwanza ya mwaka 2006, na hapo ndipo duara letu la bikari linapopata kona yake ya mwisho. Lubumbashi hadi Brussels kwa mstari mnyoofu ni kilomita 7,298. Kupitia Kinshasa ni 7,789; kupitia Addis ni 8,224, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali unaelekea kaskazini-magharibi. Kilomita 435 zaidi. Na bado wakazi wengi wa Lubumbashi wenye ndugu Ubelgiji hupita Addis. Tiketi ni moja, sanduku linakabidhiwa Luano na kuonekana tena Brussels, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lile lile ndilo linalolazimika kukutafutia nyingine. Kupitia Kinshasa kwa tiketi mbili tofauti, ya ndani ikiahirishwa umepoteza ya nje, na pesa hazirudi. Kilomita 435 angani ni kama dakika 31. Pale N'djili, kutoka kwenye mlango wa ndege ya ndani, kungoja sanduku kwenye mkanda na kulivuta upya hadi foleni ya safari za nje, dakika hizo huisha kabla hujaiona kaunta.